Vileja, katlesi, chatini na kachumbari za watu 30: mwongozo kwa anayeanza

Kila Idi ikikaribia, kila maulidi na kila arusi, maswali ni yale yale. Mbona vileja vyangu vinavunjika nikivigusa? Mbona katlesi zinapasuka kwenye mafuta? Mbona kachumbari imejaa maji na wageni hata hawajanawa? Majibu yote yamo humu, na vipimo ni vya watu 30 ambao chakula chao kikuu ni pilau au biriani. Wakiwa 15, gawa kila kitu nusu. Wakiwa 60, usizidishe mara mbili kwenye bakuli moja. Pika mikupuo miwili, hasa vileja, maana donge kubwa halichanganyiki sawasawa kwa mkono wa anayeanza.

Mapishi yenyewe ni mepesi. Panapowashinda wengi ni kufanya kila kitu asubuhi ya shughuli, kwa jiko moja, huku pilau nayo inadai moto. Kwa hiyo shika ratiba hii kabla hujashika mwiko. Chukulia shughuli ni Jumamosi saa 7 mchana:

- Jumatano au Alhamisi: vileja na nankatai. Hizi hukaa, na vileja huwa vitamu zaidi siku ya pili.
- Ijumaa asubuhi: chatini ya ukwaju. Asidi na sukari huilinda.
- Ijumaa jioni: katlesi, zifinyangwe na kulazwa kwenye friji bila kukaangwa. Kama huna friji, zifanye Jumamosi asubuhi, usizilaze nje.
- Jumamosi saa 4 asubuhi: chatini ya nazi.
- Jumamosi saa 5 na nusu: kukaanga katlesi.
- Jumamosi saa 6 na nusu: kuchanganya kachumbari.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Mizani ya jikoni ni bora kuliko vikombe. Ukikosa, tumia kikombe cha mililita 250: unga wa mchele ni gramu 160 hivi, unga wa ngano 130, sukari kabla ya kusagwa 200, samli 225. Usitumie kikombe cha chai cha nyumbani ambacho hujui kinachukua kiasi gani, halafu ukalaumu mapishi.

Kwa vileja: unga wa mchele gramu 500, samli gramu 250, sukari iliyosagwa laini gramu 250, mayai 3, iliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, beking pauda robo kijiko cha chai, arki ya waridi kijiko 1 cha chai, zafarani kidogo.

Kwa nankatai: unga wa ngano gramu 300, samli gramu 200, sukari iliyosagwa gramu 150, beking pauda nusu kijiko cha chai, iliki nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo, lozi za kupambia.

Kwa katlesi: viazi kilo 2, kima nusu kilo, vitunguu maji 2, kitunguu saumu na tangawizi iliyotwangwa kijiko 1 cha chakula kila kimoja, pilipili mbichi 2, kotmiri shada 1, ndimu 1, bizari nyembamba ya unga kijiko 1 cha chai, chumvi, mayai 4 ya kuchovyea, mafuta ya kukaangia.

Kwa chatini ya ukwaju: ukwaju gramu 250, maji ya moto mililita 750, tende 10 zilizotolewa kokwa, sukari gramu 100, bizari nyembamba, pilipili ya unga, chumvi.

Kwa chatini ya nazi: nazi 2, pilipili mbichi 3, kitunguu saumu punje 4, ndimu 3, kotmiri, chumvi.

Kwa kachumbari: nyanya ngumu kilo 2, vitunguu maji kilo 1, matango 2, pilipili mbichi 2, ndimu 6, kotmiri shada 1, chumvi.

Vileja

Kwanza unga. Unga wa mchele wa dukani ni mkavu na laini, nao ndio unaomfaa anayeanza. Ukisaga mwenyewe mchele ulioroweka, unga huo una maji ndani yake hata ukiuona mkavu. Uanike vizuri, uchekeche mara mbili, na upunguze yai moja. Pia jua kwamba mchele hauna mnato wa ngano. Donge lake halivutiki, linashikana kwa samli na yai tu, ndiyo maana vipimo vya vitu hivi viwili havitaki kubahatisha.

1. Toa samli mahali penye baridi mapema. Unaitaka laini ya kubonyea kidole, isiwe imeyeyuka.
2. Piga samli na sukari kwa mashine ya keki dakika 5, au kwa mwiko dakika 12 hadi 15, mpaka mchanganyiko ugeuke mweupe na mwepesi. Ukiusugua kati ya vidole usisikie chembe za sukari.
3. Tia mayai 2, moja moja, ukipiga kila mara mpaka likolee. Yai la tatu lipige pembeni kwenye kikombe, uliweke.
4. Tia iliki na arki.
5. Chekecha unga pamoja na beking pauda, uutie kwa mafungu matatu huku ukichanganya kwa mkono. Usikande. Unakusanya tu.
6. Chukua donge dogo ulibonyeze kwenye kiganja. Likipasuka pasuka pembeni, ongeza yai la tatu kijiko kimoja kimoja mpaka mipasuko iwe midogo. Mara nyingi yai lote litaingia; wakati mwingine litabaki, usililazimishe.
7. Funika, uache nusu saa. Wakati huo mchele unanyonya maji ya yai. Ukiruka hatua hii vileja vinakuwa na mchangamchanga mdomoni.
8. Finyanga madonge ya gramu 25. Yatapatikana kama 45. Bonyeza kila moja liwe na unene wa sentimita 1, chora juu kwa meno ya uma, tia tone la zafarani iliyoloweshwa kwa arki katikati.
9. Oka kwa nyuzi 170, dakika 15 hadi 18. Juu vibaki vyeupe. Chini viwe na rangi ya dhahabu hafifu. Inua kimoja kwa kisu bapa uangalie chini, usisubiri juu pabadilike rangi.
10. Toa treya uiache ilivyo kwa dakika 20. Kileja cha moto hakijashikana bado, na hapa ndipo wengi wanavunja nusu ya kazi yao. Vikipoa kabisa, tia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Vinakaa wiki mbili.

Kwa jiko la mkaa: tafuta sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu wa sentimita 2 chini, weka juu yake sahani ya bati yenye vileja, funika kwa mfuniko wa bati, upalie moto. Makaa machache chini, mengi juu. Pasha sufuria dakika 10 kabla ya kuingiza chochote. Samli na sukari huungua upesi upande wa chini, kwa hiyo makaa ya chini yawe yamefifia na kushika jivu, siyo yanayowaka. Anza na vileja vinne vya kujaribia. Kila jiko lina tabia yake, na ni afadhali upoteze vinne kuliko arobaini.

Nankatai

Hizi ni rahisi zaidi, hazina yai, na zinamwokoa mtu aliyeharibu vileja na muda umebaki mchache.

1. Piga samli na sukari mpaka iwe nyeupe.
2. Chekecha humo unga, beking pauda, iliki na chumvi. Kusanya donge laini. Likiwa la kumwagika vidoleni, lipoze kwenye friji dakika 20, usiongeze unga.
3. Finyanga vidonge vya gramu 20, vibonyeze kidogo, weka lozi katikati. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine, kwa kuwa hutanuka.
4. Oka nyuzi 170, dakika 15 hadi 18. Ziache zipoe kwenye treya.

Kiasi hiki hutoa 30 na zaidi kidogo.

Katlesi

Katlesi nzuri inategemea ukavu. Maji yakibaki kwenye kiazi au kwenye kima, yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta pa kutokea.

Chagua viazi vilivyokomaa, vyenye ngozi ngumu na unga ndani. Viazi vipya vyenye ngozi ya kubanduka kwa kucha vina maji mengi. Vile ni vya mchuzi.

1. Chemsha viazi na maganda yake. Ukivimenya na kuvikata kabla, vinakunywa maji. Choma kisu katikati: kikipita bila kukwama, epua mara moja.
2. Mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo dakika 2 ukiitikisa, mvuke utoke.
3. Menya vingali vya moto na uviponde hapo hapo. Kiazi kilichopoa kinaacha mabonge.
4. Tia kima kwenye sufuria na tangawizi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, chumvi na maji ya ndimu. Usitie mafuta wala maji. Pika ukivuruga mpaka kiwe kimeiva na kikavu kabisa. Ukiinamisha sufuria pasiteremke kitu.
5. Epua. Kikiwa vuguvugu, tia vitunguu, pilipili na kotmiri vilivyokatwa vidogo. Vitunguu vikamue kwanza kwa mkono.
6. Acha viazi na kima vipoe kabisa, kisha changanya, onja chumvi. Viazi hunywa chumvi, kwa hiyo kima peke yake kikiwa na chumvi ya kutosha, mchanganyiko utapwaya.
7. Paka mikono mafuta, finyanga madonge ya gramu 70 hadi 80, yabonyeze yawe mviringo bapa. Panga kwenye sinia, funika, weka kwenye friji usiku kucha au angalau saa 2.
8. Siku ya shughuli, piga mayai 4 na chumvi kidogo. Pasha mafuta yenye kina cha kufika nusu ya katlesi. Dondosha tone la yai: likipanda juu papo hapo na kutoa povu, mafuta tayari.
9. Chovya katlesi kwenye yai, acha lizidilo lichuruzike, uitie kwenye mafuta. Tano kwa mara moja, zisizidi. Usiiguse mpaka upande wa chini ushike rangi, ndipo uigeuze mara moja tu.
10. Zitoe uzisimamishe kwa ubavu kwenye chujio au waya. Ukizilaza moja juu ya nyingine zikiwa za moto, zinalegea.

Ukitaka za samaki, badili kima kwa samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba, ukamkamua maji kwa kitambaa safi. Mengine yote ni yale yale.

Chatini ya ukwaju

1. Loweka ukwaju na tende kwenye maji ya moto nusu saa. Vuruga kwa mkono, chuja kwa chujio la chuma ukisukuma kwa kijiko, utupe kokwa na nyuzi.
2. Kaanga bizari nyembamba kijiko 1 kwenye kikaango kikavu mpaka inukie, iponde.
3. Chemsha rojo la ukwaju na sukari, bizari, pilipili ya unga nusu kijiko na chumvi kijiko 1 cha chai, kwa moto mdogo dakika 15, mpaka ishike mgongo wa kijiko.
4. Poza, tia kwenye chupa safi, weka kwenye friji.

Usipikie kwenye sufuria ya alumini. Ukali wa ukwaju hula alumini na chatini hubaki na ladha ya chuma. Tumia ya stili au ya udongo. Sukari nayo iongeze mwishoni kwa kuonja, maana ukwaju haulingani ukali.

Chatini ya nazi

1. Vunja nazi na uonje kipande cha kila moja kabla ya kukuna. Nazi moja iliyochacha inaharibu zote.
2. Kuna kwa mbuzi, ukiacha ile sehemu ya kahawia. Nyeupe tupu ndiyo inayotoa chatini safi.
3. Saga pamoja na pilipili, kitunguu saumu, kotmiri, chumvi kijiko 1 cha chai na maji ya ndimu 2. Ongeza maji kijiko kijiko, mashine izunguke tu. Isiwe rojo.
4. Onja, umalizie na ndimu ya tatu ikihitajika.

Hii ni ya siku hiyo hiyo. Kwa joto la pwani, ikikaa mezani toka mchana, jioni imeshaanza kuchacha. Toa nusu mezani, nusu nyingine ibaki kwenye friji.

Kachumbari

Kachumbari inaliwa mbichi, basi usafi ndio kazi ya kwanza. Osha nyanya, matango na kotmiri kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa. Ubao na kisu kilichokata nyama visikaribie.

1. Kata vitunguu vyembamba, nyuzi nyuzi. Nyunyizia vijiko 2 vya chakula vya chumvi, sugua kwa mkono, acha dakika 10.
2. Suuza kwa maji baridi mara mbili au tatu, kamua kwa nguvu. Ukali unaondoka na kitunguu kinabaki na mkwaruzo wake.
3. Kata nyanya nne nne, toa mbegu na maji ya ndani, kisha kata vipande vyembamba. Kwa watu wanne hakuna haja ya kutoa mbegu. Kwa 30, usipotoa utapata beseni la supu.
4. Menya matango, toa mbegu, kata.
5. Weka kila kitu kwenye bakuli lake, ufunike, mahali pa baridi.
6. Nusu saa kabla ya kula, changanya na kotmiri na pilipili. Ndimu na chumvi vitie dakika 10 za mwisho. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya mara tu inapoigusa.

Pilipili zitenge nusu, uziweke kwenye kibakuli pembeni. Shughuli ina watoto na wazee.

Mambo yakienda kombo

*Vileja vinavunjika hata vikiwa baridi.* Samli imezidi au yai halikutosha. Vilivyokwisha okwa havirekebishiki, ila donge lililobaki liongezee yai lililopigwa, kijiko kimoja kimoja. Kumbuka lakini kwamba kileja kinatakiwa kisagike mdomoni. Kinachotafunwa kwa kelele si kileja.

*Vileja vigumu.* Umeoka mno, au sukari ilikuwa ya chembe kubwa. Sukari ya chembe huyeyuka ndani ya oveni na kuganda inapopoa. Isage kwa mashine ya viungo kabla ya kuitumia.

*Vileja au nankatai zimelainika kwenye kopo.* Zimefungiwa zikiwa vuguvugu, au zimewekwa pamoja na keki. Wakati wa masika hata mfuniko uliolegea unatosha kuziharibu. Zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, zipoe wazi, ndipo ufunge.

*Nankatai zimetanuka na kuungana.* Samli ilikuwa imeyeyuka. Poza treya iliyobaki kwenye friji dakika 20 kabla ya kuoka.

*Katlesi zinapasuka.* Mafuta hayajapata moto, au umezijaza nyingi yakapoa. Kama mafuta yako sawa na bado zinapasuka, mchanganyiko una maji: tia vijiko 2 au 3 vya chenga za mkate mkavu kwa kila kilo, ufinyange upya na uzipoze tena.

*Katlesi nyeusi nje, baridi ndani.* Moto mkali mno. Kila kilichomo kimeshaiva, unachotafuta ni rangi na joto. Punguza moto, uipe kila upande dakika 2 hadi 3.

*Chatini ya ukwaju imekuwa nzito kama gundi.* Hunenepa ikipoa. Zimua kwa maji ya moto kidogo kidogo, uonje chumvi upya.

*Chatini ya nazi imejitenga maji.* Umetia maji mengi wakati wa kusaga. Mwaga maji ya juu, ongeza nazi iliyokunwa konzi moja, koroga.

*Chumvi imezidi kwenye kachumbari.* Usiisuuze, utapoteza ndimu na ladha ya nyanya. Ongeza tango na nyanya zisizo na chumvi, kwa hiyo weka nyanya tatu na tango moja pembeni mpaka chakula kipakuliwe.